Msiwaite wakata tamaa waliovumilia wakakosa

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu watu waliofikia malengo yao baada ya miaka mingi. Nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi, na kuna sentensi moja niliipigia mstari hadi karatasi ikatoboka. Mwandishi wenu anasema aliyeshindwa ni yule aliyekata tamaa mapema. Nahisi ni kijana, na sina ugomvi naye. Lakini mimi ni fundi saa kwa miaka 41 sasa, na muda ndio riziki yangu. Naomba nafasi nimjibu.

Nijieleze kidogo. Ni mwanamke wa miaka 66. Kazi hii nilifundishwa na marehemu baba yangu, na mpaka leo wapo wateja wanaoingia, wakanitazama, kisha wakauliza, "Fundi yuko wapi?" Huwajibu ametoka kidogo, wakae wamsubiri. Wengine wamesubiri kweli.

Nilipofika miaka 38 nilijiwekea lengo la kutengeneza saa ya pendulamu, ile yenye bembea inayopima muda kwa kuyumba, kwa mikono yangu, kuanzia gurudumu la kwanza hadi mshale wa mwisho, saa ambayo haitakosea zaidi ya nusu sekunde kwa siku. Kwa asiye fundi hili ni jambo dogo. Siku ina sekunde 86,400, nami nilitaka kukosea nusu ya moja tu kati ya hizo. Pendulamu inayopiga sekunde ina urefu wa karibu sentimeta 99.4, na ukiitundika kwa fimbo ya chuma cha kawaida, joto likipanda nyuzi 10 fimbo hurefuka kiasi ambacho jicho halioni, na saa huchelewa karibu sekunde 5 kwa siku. Hilo nililijua toka mwanzo. Nikatafuta fimbo ya invar, mchanganyiko wa chuma na nikeli ambao Charles Édouard Guillaume aliugundua mwaka 1896, na ambao joto karibu haliugusi. Mwaka 1920 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia, na mimi huona alistahili hata mbili.

Miaka mitatu baadaye saa ikaanza kutembea. Siku tatu, nne, inakwenda kama ilivyoagizwa. Halafu inapoteza sekunde nne kwa mpigo, siku inayofuata inapoteza mbili, kisha inatulia kama vile hakuna lililotokea. Kila jioni nilikaa na redio nikisubiri ule mlio wa saa, nikalinganisha, nikaandika kwenye daftari: tarehe, joto, kosa. Nikaamua ubaya uko kwenye meno ya gurudumu na ile nanga inayoliachia jino moja moja. Nikachonga upya. Nikapima, nikaandika, nikachonga tena. Kwa miaka tisa nilichonga gurudumu lile mara sita.

Miaka tisa, Mhariri. Mtoto wangu wa mwisho alianza shule na kuimaliza ya msingi nikiwa na tupa mkononi.

Saa yenyewe ilitundikwa kwenye ukuta wa mbao katika chumba changu cha kazi. Siku moja nikaona vumbi jembamba chini yake, nikagonga ubao, ukaitika kama ngoma. Mchwa walikuwa wameula wote kwa ndani. Nikaitoa saa kwa hasira, nikaitundika stoo kwenye ukuta wa mawe, kwa muda tu, mpaka nipate mbao nyingine. Wiki mbili zikapita bila kosa. Nikasema ni ajali. Mwezi ukapita, wa pili nao ukapita. Kosa lilikuwa limekwenda na ule ubao.

Usiku ule nikafungua madaftari yote ya miaka tisa, na ndipo nilipoona jambo ambalo mkono wangu ulikuwa umeliandika mara mamia bila macho yangu kulisoma. Kosa lilikuja karibu kila mara siku ya tano au ya sita tangu nilipotia saa ufunguo. Saa hii huendeshwa na mawe ya uzito yanayoshuka taratibu kwa siku nane. Yakifika karibu na kimo cha ile bembea, na ukuta ukiwa hauko imara, yenyewe huanza kuyumba pamoja nayo, na nguvu inayopaswa kuisukuma pendulamu huishia kwenye kuyabembeza. Kiongozi yeyote wa kazi hii angekuuliza kwanza kama saa imekazwa ukutani barabara. Mimi sikujiuliza, kwa sababu nilikuwa nimeshajua, kwa jinsi nilivyodhani, kwamba ubaya uko kwenye meno.

Sasa mwandishi wenu akinihoji ataandika hivi: mama alivumilia miaka tisa, hakukata tamaa, akashinda. Atapata picha nzuri nikiwa nimesimama kando ya saa. Na hakuna neno hata moja hapo litakalokuwa la uongo. Lakini ukweli wote ni kwamba nilivumilia miaka tisa katika njia isiyo yangu, nikaja kutolewa na mchwa. Lau wasingekuja, leo ningekuwa nachonga gurudumu la kumi na tano. Na lau ningeacha mwaka wa nane, mngenihesabu miongoni mwa waliokata tamaa, ingawa kuacha kungekuwa na akili zaidi kuliko kuchonga tena.

Sisemi subira haina kazi. Bila yale madaftari, saa ingetulia stoo nami nisingejua kwa nini, na ningeirudisha kwenye ubao mwingine. Mchwa hawakunifundisha kitu. Walinisogeza tu mahali ambapo nilichokiandika kiliweza kusomeka. Ninachokataa ni hesabu ya makala yenu, inayoitoa bahati kabisa kwa aliyepata, kisha inampa aliyekosa lawama yote.

Sisi mafundi saa tuna babu yetu, John Harrison, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1693, seremala kwa kazi ya awali. Huyu hutajwa sana kwenye habari za uvumilivu, na mara nyingi husimuliwa vibaya. Mwaka 1714 Bunge la Uingereza liliahidi hadi pauni 20,000 kwa yeyote atakayepata njia ya kujua longitudo baharini. Jambo lenyewe ni la saa. Dunia huzunguka nyuzi 15 kila saa moja, hivyo nahodha anayejua saa ya bandari aliyotoka, na akaitazama saa ya mahali alipo kwa jua, anaweza kupiga hesabu amekwenda mashariki au magharibi kiasi gani. Lakini pendulamu juu ya mawimbi ni upuuzi, na saa za mfukoni za enzi hizo zilikosea dakika nzima kwa siku.

Mwaka 1730 hivi Harrison alikwenda London kumwona Edmond Halley, mtaalamu mkuu wa nyota wa Mfalme. Halley hakuwa fundi saa, akamwelekeza kwa George Graham, aliyekuwa fundi bingwa wa wakati huo. Harrison mwenyewe alisimulia kwamba walianza kuzungumza asubuhi wakamaliza usiku, na Graham akamkopesha fedha bila riba. Hebu tusimame hapo kidogo. Seremala wa kijijini, asiye na shule kubwa, kabisha hodi kwa watu wawili wenye majina, na wote wawili wakawa na moyo wa kumsikiliza mgeni. Wangapi walibisha hodi kama ile na kuambiwa bwana hayupo?

Akatengeneza saa ya kwanza ya baharini, ikamalizika 1735, kisha ya pili. Ya tatu, ile tunayoiita H3, ilimla karibu miaka 19. Ina vipande 753. Na haikufikia kiwango alichokitaka. Ndani yake alibuni ukanda wa metali mbili, shaba na chuma vikiunganishwa mgongo kwa mgongo ili vipinde joto linapobadilika. Ubunifu huo bado uko kwenye pasi nyingi za umeme: ndio unaoikata pasi ikishapata moto. Kwa hiyo miaka 19 haikupotea kwetu tunaopiga pasi. Kwake yeye, aliyekuwa akitafuta longitudo, ilikuwa njia iliyofunga.

Kilichomtoa ni kitu alichokitengenezewa kwa matumizi yake tu. Mwaka 1753 fundi John Jefferys alimtengenezea saa ya mfukoni kwa maelekezo yake Harrison mwenyewe, na ikawa inatunza wakati vizuri kuliko alivyotazamia. Akaona kwamba kidude kidogo kinachopiga haraka kinaweza kutulia kuliko dude zito la shaba. Alikuwa na miaka 60. Hata hivyo H3 hakuitupa mara moja. Mkono wa fundi haukubali kirahisi kwamba umekosea kwa miaka 19, hilo naweza kuwaapia. Lakini moyo ulihama taratibu, na mwaka 1759 ikamalizika H4, saa ya upana wa sentimeta 13, unayoweza kuishika kiganjani.

Mwandishi wenu angesema hakukata tamaa. Mimi nasema alikata, aliikatia tamaa H3, na kama asingefanya hivyo angekufa mvumilivu asiye na chochote.

Kisha kuna kipande kinachonichekesha kila nikikikumbuka. Novemba 1761 mwanawe, William, alipanda merikebu Deptford kuelekea Jamaica na H4. Kilichotakiwa ili kupata tuzo yote ni longitudo isiyokosea zaidi ya nusu nyuzi, yaani dakika mbili za saa. Baada ya siku 81, H4 ilikuwa imechelewa sekunde tano tu. Bodi ya Longitudo, waliokuwa waamuzi wa tuzo ile, ikasema ni bahati. Wakadai safari ya pili. Mwaka 1764 saa ikapelekwa Barbados, kosa likawa sekunde 39 kwa siku 47, bado ndani ya kiwango kwa mbali. Hata hapo walimpa nusu na masharti juu yake. Mzee akaja kulipwa pauni 8,750 na Bunge mwaka 1773, baada ya Mfalme George wa Tatu kuingilia kati, akiwa na miaka 80. Alifariki 1776.

Yaani saa ni ileile. Wasiompenda wakaita bahati, nasi tunaompenda tunaita juhudi.

Sasa nirudi kwa Halley, kwa sababu ana mkono katika habari nyingine ambayo hamtaiona kwenye kurasa za waliofanikiwa. Mwaka 1716 Halley aliwaandikia wenzake namna ya kupima umbali wa Jua: sayari ya Zuhura itakapopita mbele ya Jua mwaka 1761, watu wasimame pembe mbalimbali za Dunia na kupima muda wake. Alikuwa anakaribia miaka 60 na alijua hataiona. Alifariki 1742. Huyo ndiye mvumilivu wa ajabu kuliko wote, aliyewapangia kazi watu ambao wengine hawakuwa wamezaliwa.

Mmoja wa walioitika wito ni Mfaransa, Guillaume Le Gentil. Aliondoka Ufaransa mwaka 1760 kwenda Pondicherry, pwani ya India. Njiani vita vikamkuta, Waingereza wakauteka mji, merikebu yake ikageuza. Tarehe 6 Juni 1761, siku yenyewe, mbingu safi bila wingu, Zuhura ikipita mbele ya Jua, Le Gentil yuko katikati ya bahari juu ya sitaha inayoyumba. Aliiona. Hakuweza kuipima kwa faida yoyote, maana saa ya pendulamu haifanyi kazi hapo wala mahali alipo hapajulikani sawasawa. Miezi mitano baadaye, H4 ndiyo kwanza inapanda merikebu kwenda Jamaica kuthibitisha kwamba tatizo hilohilo lina dawa.

Zuhura ingepita tena 1769, na baada ya hapo hakuna hadi 1874. Le Gentil akaamua kusubiri miaka minane hukohuko ng'ambo. Hakukaa bure: alichora ramani za pwani ya mashariki ya Madagaska, akapima pepo, mikondo na nyota. Akaenda Manila kujiandaa, lakini akapaacha na kwenda Pondicherry, ambayo sasa ilikuwa mikononi mwa Wafaransa tena. Akajenga kituo chake, akazipima saa zake, akaijua longitudo ya mahali pake barabara. Asubuhi kwa asubuhi anga lilikuwa safi. Ikafika tarehe 4 Juni 1769. Wingu likatanda, likafunika Jua muda wote Zuhura ilipokuwa ikipita, kisha likaondoka. Manila siku hiyo anga lilikuwa wazi.

Aliporudi kwao mwaka 1771 alikuta ameshahesabiwa maiti. Warithi walikuwa wameanza kugombea mali, na kiti chake katika Akademia ya Sayansi kilikuwa kimepewa mtu mwingine.

Naomba mwandishi wenu aniambie Le Gentil alikata tamaa siku gani. Alijiandaa pungufu wapi? Akiniambia kosa ni kutoka Manila, nitamjibu kwamba wingu lingekuwa upande wa pili tungemsifu kwa kutoka. (Kwa anayetaka kujua mwisho wake, kiti alirudishiwa, akaoa, akaishi miaka mingine zaidi ya ishirini. Nafurahi kwa ajili yake.)

Wazee waliotuachia "mvumilivu hula mbivu" ndio hao hao waliotuachia "ngoja ngoja huumiza matumbo". Hawakutuambia ipi ni ya siku ipi. Nadhani walijua haijulikani mpaka siku ipite. Magazeti huchukua moja na kuliandika kwa herufi kubwa.

Ombi langu, Mhariri, si kwamba mfute ukurasa ule. Wajukuu zangu huusoma na unawapa nguvu. Naomba tu kila mnapomhoji aliyefika, mwulizeni ni siku gani lilitokea jambo ambalo hakulipanga, na ni kitu gani alikiacha njiani ili afike. Halafu mtafuteni aliyeanza naye. Daima yupo mtu aliyeanza naye.

Wangu yupo, nami nina jambo la kukiri juu yake. Baba alitufundisha wawili. Mwenzangu alikuwa na mkono mtulivu kuliko wangu. Aliweza kuweka mhimili wa unene wa unywele kwenye tundu lake bila kushusha pumzi. Alitaka kuwa fundi wa saa ndogo, zile za ustadi wa juu, na hakuna aliyekuwa na shaka. Alipokaribia miaka 30 macho yakaanza kufifia, ugonjwa wa ndani usio na dawa. Aliongeza taa, akaongeza lenzi, akafanya kazi kwa kupapasa kwa miaka kadhaa zaidi ya ambayo mtu mwenye akili timamu angefanya. Mwishowe aliweka vifaa chini. Watu walisema ameacha ufundi, na siku nilipolisikia neno hilo sikulikanusha.

Mwaka wa nne wa saa yangu alikuja kunisalimu. Akakaa kimya muda mrefu akiisikiliza, kisha akasema, "Dada, hapa nasikia sauti tatu. Tiki, taki, na nyingine inatoka kwenye ubao." Mimi nilikuwa fundi mwenye lengo, naye alikuwa mtu aliyeacha. Nikamwambia asante, nikarudi kwenye tupa.

Ilikuwa kabla ya mchwa kwa miaka mitano. Nilipokwenda kumwomba radhi alicheka, akaniuliza kama ukuta wa stoo una unyevu. Upo kidogo. Tumepanga aje mwezi huu aisikilize.

Wako,
Mama Fundi Saa